Antivirusi ya bure au ya kulipia: jamaa za Lubumbashi zisinunue woga

Katika jamaa nyingi zilizofika Lubumbashi zikikimbia vita, kitu cha thamani ndani ya kompyuta si kompyuta yenyewe. Ni diploma ya Serikali ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja kilichobaki Mitwaba, Pweto, Kasai au Goma, na picha za wazee ambao hawapo tena. Makaratasi mengi yalibaki nyuma, mengine yaliungua pamoja na nyumba. Kilichookolewa ni faili, mara nyingi nakala moja tu, kwenye flashi au kwenye mashine ya zamani inayotumiwa na watu watano. Siku virusi vinapopita hapo, jamaa inapoteza kwa mara ya pili kile ilichokwisha kupoteza mara ya kwanza.

Ndiyo maana swali la antivirusi si la watu wa ofisi za mjini kati tu. Linawagusa wakaaji wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, kila mahali ambapo mtoto wa chuo ana kompyuta mezani na majirani wanamletea flashi zao. Na jibu linalotolewa na mafundi wengi wa mji huu ni moja: ya bure haifai, rahisi ni ghali, toa dola kumi tuweke ile ya kulipia. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa, kwa sababu kwa jamaa nyingi si la kweli, na mara nyingine ndilo linaloleta ugonjwa nyumbani.

Kwanza, wengi hawajui kwamba tayari wana antivirusi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft inaweka antivirusi ndani ya Windows yenyewe. Leo inaitwa Microsoft Defender. Haiombi falanga hata moja, haina tarehe ya kuisha, na inafanya kazi tangu siku ya kwanza kama hakuna mtu aliyeizima. Kwenye mashine za Kifaransa mtu anaikuta katika « Sécurité Windows ». Alama ya kijani maana yake inalinda. Alama nyekundu au ya njano maana yake kuna kitu cha kurekebisha.

Je, inalinda kweli? Zamani watu waliicheka, na walikuwa na haki. Miaka ya kwanza ilikuwa ikishika nafasi za nyuma katika majaribio. Lakini mambo yamebadilika. Maabara ya AV-TEST ya mji wa Magdeburg, Ujerumani, inapima antivirusi kwa mambo matatu: ulinzi, kasi ya mashine, na urahisi wa matumizi, kila jambo kwa pointi 6. Kwa miaka mingi sasa Defender inapata mara kwa mara pointi zote 6 za ulinzi, sawa na zile za kulipia. Maabara nyingine, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, inaweka Avast ya bure na AVG ya bure kwenye meza moja na Norton, ESET na Bitdefender za kulipia, na zile za bure hazibaki nyuma. Sababu ni nyepesi: kampuni inayotoa ya bure na ya kulipia kwa kawaida inatumia injini ileile ya kutafuta virusi katika zote mbili. Anayelipa halipii injini bora. Analipia vitu vya pembeni.

Vitu hivyo vya pembeni ni nini? Ni kisanduku cha kutunza manywila, njia ya siri ya intaneti inayoitwa VPN, ulinzi wa watoto, ruhusa ya kuweka antivirusi moja kwenye mashine tano au kumi, na mtu wa kupigia simu pakitokea shida. Si vitu vibaya. Lakini jamaa yenye kompyuta moja, inayonunua mega kwa siku au kwa juma, itatumia vingapi kati ya hivyo? VPN haitarudisha faili zilizofutwa. Na mtu wa kusaidia kwa simu hakai Lubumbashi wala hazungumzi Kiswahili.

Bei nayo ina mtego wake. Mwaka wa kwanza kampuni nyingi zinapunguza sana, halafu mwaka wa pili bei inapanda, mara nyingi hata mara mbili, na feza inakatwa yenyewe kwenye kadi ya benki. Hapa kwetu watu wengi wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hawana kadi ya kimataifa. Basi mnunuzi anapita kwa mtu wa kati. Na mtu wa kati ndiye mwanzo wa hatari kubwa kuliko zote.

Hatari hiyo inaitwa krake. Ni antivirusi ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayouzwa kwenye flashi au kuwekwa na fundi kwa dola chache, pamoja na ahadi kwamba haiishi milele. Mtu anayeiweka anaanza kwa kufanya nini? Anazima antivirusi iliyopo, kwa sababu ingepiga kelele. Halafu anafungua programu iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, na kuipa ruhusa zote za mashine. Huko ni kumfukuza mlinzi, kisha kumkabidhi mgeni funguo za nyumba. Krake nyingi zinabeba virusi ndani yake: vya kuiba manywila, vya kutumia mashine usiku kwa faida ya mwingine, au vya kufunga faili. Hata ile isiyobeba kitu mara nyingi haipati tena sasisho, na antivirusi isiyojua virusi vya mwezi huu ni picha tu ukutani. Mnunuzi ametoa feza, ameona neno « Premium » kwenye kioo, amelala usingizi. Huyo hana ulinzi wa kulipia wala wa bure.

Mafundi watasema wao pia wanatafuta mkate, na wateja wenyewe ndio wanaoomba krake. Ni kweli. Umeme unakatika, kodi ya duka inapanda, na mteja anataka mashine iondoke saa ileile. Lakini fundi mwema anaweza kulipwa kwa kazi ya kweli: kusafisha mashine, kuwasha Defender, kuweka sasisho, kunakili faili za jamaa mahali pa pili. Hiyo ni kazi yenye thamani ya dola kumi. Kuuza woga si kazi.

Ya bure pia ina makosa yake, na haki inataka yasemwe. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba Avast, kampuni ya Prague, ilikuwa ikikusanya habari za kurasa ambazo wateja wake wanatembelea na kuziuza kupitia kampuni yake ndogo ya Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwaka huohuo. Februari 2024, tume ya biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16,5 na kuikataza kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Somo ni kwamba kitu cha bure kinaweza kulipiwa kwa njia nyingine. Mwenye kuchagua ya bure aisome, akatae ruhusa za kukusanya habari, na ajue kwamba zile za kampuni za pembeni zitamsumbua kila siku na madirisha ya « nunua, nunua ». Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi, ile iliyomo tayari ndani ya Windows inatosha bila kuongeza nyingine.

Na kuongeza si kuimarisha. Antivirusi mbili kamili kwenye mashine moja zinagombana, mashine inakuwa nzito, na hakuna inayolinda vizuri. Vilevile, mashine mpya nyingi zinafika na McAfee au Norton ya majaribio. Majaribio yakiisha na jamaa hailipi, programu hiyo iondolewe kabisa, kisha mtu ahakikishe kwamba Defender imerudi kazini. Kuhusu Smadav ya Indonesia, ambayo wengi wanaipenda kwa ajili ya flashi, watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kuwa ulinzi wa nyongeza. Haichukui nafasi ya antivirusi kamili.

Kuna wanaopaswa kulipa, na hawa wasijifiche nyuma ya habari hii. Mwenye cyber, nyumba ya fotokopi, wakala wa forodha anayetuma makaratasi ya malori ya Kasumbalesa, shule, kituo cha afya, radio ya mtaa: hao wana mashine nyingi, wanabeba siri za watu, na matumizi ya bure ya Avast na nyingine za aina hiyo yanaruhusiwa nyumbani tu, si katika biashara. Flashi hamsini zinaingia kwenye mashine moja ya fotokopi kwa siku. Virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato za uongo vinaenea hapohapo. Anayepokea feza za watu kwa kazi hiyo ana deni la kuwalinda. Kanuni ya dijitali ya Kongo, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inazungumzia ulinzi wa habari za watu na makosa ya kompyuta. Si sheria ya Kinshasa tu.

Lakini hata antivirusi ya bei kubwa haiponyi mashine iliyoachwa bila sasisho. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani, na viwanda vya Renault huko Ufaransa vilisimama. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla, Machi 2017, bila malipo. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Leo hali inafanana kwa sehemu. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10 imefikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, na imeahidi kuendelea kuilisha Defender kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Jamaa yenye mashine ya mtumba ambayo haipokei Windows 11 isitupwe kwenye hofu, lakini isilale pia.

Shida ya kweli ya Lubumbashi ni mega na umeme. Sasisho linakuja wakati SNEL imekata, au mega zimekwisha. Hapa ndipo feza ya antivirusi inapaswa kwenda. Faili kamili la sasisho la Defender linapita mega 100, lakini Microsoft inaruhusu lipakuliwe mara moja kwenye mashine moja na kubebwa kwa flashi hadi mashine nyingine. Parokia, shule, kikundi cha wanafunzi wa UNILU, au kamati ya wahami wa vita inaweza kufanya hivyo kila Jumamosi na kusaidia mtaa mzima. Badala ya nyumba ishirini kununua krake ishirini, mtu mmoja ananunua mega na kazi inakwisha. Mamlaka za mji na wakubwa wa mitaa hawahitaji bajeti kubwa kwa hilo. Wanahitaji kufungua mlango wa chumba chenye umeme.

Na kiasi kinachobaki kinunue flashi ya pili. Nakala ya diploma, ya cheti na ya picha ikae kwenye flashi ambayo haichomekwi popote ila siku ya kuongeza faili, na itunzwe kwa mtu mwingine wa jamaa, nyumba nyingine. Virusi vinavyofunga faili na kudai dola vinafunga pia kila flashi iliyochomekwa wakati huo. Haviwezi kufunga ile iliyo katika kabati la shangazi huko Ruashi. Na anayekwenda kutoa fotokopi abebe flashi ya tatu, yenye faili moja tu anayotaka kuchapa. Akirudi, aipime kabla ya kufungua kitu.

Basi, kwa kompyuta ya nyumbani, ya bure inatosha, mradi iwe hai, isasishwe, na isiwe peke yake bila nakala. Ya kulipia ni kwa anayefanya kazi na mali za wengine, na ailipie kwa mwenyewe, si kwa mpita njia. Ya krake si ya bure wala ya kulipia. Bei yake inakuja baadaye, siku mama anapoitwa ofisini kuonyesha cheti cha mtoto wake, anafungua folda, na hakuna kitu ndani.