Daktari wa Kondoo wa Maabara

Ukitaja daktari wa mifugo Garissa, watu huwazia sindano na ngamia mgonjwa. Wachache wanajua kwamba yuko daktari ambaye wanyama wake hukaa maabarani, na kazi yake ni kuwatetea hata mbele ya watafiti.

Kwani wamewekwa huko kwa nini? Kumbuka mvua za El Nino za 1997. Maji yalituama, mbu wakaanguliwa kutoka mayai yaliyolala udongoni kwa miaka, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka. Kondoo na mbuzi walitupa mimba, watu wakafa. Mwishoni mwa 2006 ilirudi, ikianzia Garissa, na kufikia 2007 ilikuwa imeua Wakenya wapatao 150. Wafugaji Wasomali huiita "sandik", yaani pua yenye damu.

Chanjo ya zamani huweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe, hivyo mpya zinatafutwa. Nazo hujaribiwa kwa nani? Kwa kondoo! Ndipo daktari huyu huuliza: Lazima watumike? Wachache hawatoshi? Maumivu yatapunguzwaje? Maswali hayo yaliwekwa na Waingereza Russell na Burch mwaka 1959. Mnyama akiteseka kupita kiasi, daktari ndiye huamua auawe bila uchungu. Si kazi ya kila mtu, hiyo.

Wewe mwanafunzi uliyelea vitoto vya mbuzi, usidhani huruma yako itakuzuia, ndiyo inayotakiwa. Shika baiolojia na kemia. Shahada yenyewe, pale Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huchukua miaka mitano.