Kitenzi "get" kifundishwe upya shuleni

Katika madarasa mengi ya Kiingereza nchini Tanzania, kitenzi "get" hufundishwa kwa mstari mmoja tu ubaoni: kushoto neno lenyewe, kulia "pata". Wanafunzi wakishanakili, somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Tangu siku hiyo mwanafunzi huibeba maana hiyo moja hadi kidato cha nne, hadi chuoni, na hatimaye hadi mezani pake ofisini, naye huitumia kila anapokutana na neno hilo, iwe inafaa au haifai.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia sekondari ya serikali hukuta masomo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na maneno yanayomwangusha aghalabu si yale marefu ya sayansi. Hayo mwalimu huyaeleza. Yanayomwangusha ni haya mafupi ambayo kila mtu hudhani yanajulikana. Aidha, wako watu wazima wanaoumia kwa sababu hiyo hiyo. Katika vibandiko vya dawa kali za kuua wadudu zitengenezwazo Marekani huandikwa "Do not get in eyes", yaani mtumiaji asiiache dawa imwingie machoni. Mwenye "pata" peke yake kichwani hawezi kutoa maana yoyote katika maneno hayo, ingawa yameandikwa ili kumlinda.

Ofisini mambo ni yale yale. "We shall get back to you" ni ahadi ya kumjibu mtu, wala si ahadi ya kumrudia kwa miguu. "Get this file to the Director" ni agizo la kulipeleka jalada kwa Mkurugenzi. Karani akilitafuta, akalipata, kisha akaliweka mezani pake mwenyewe, hajatimiza agizo. Na taarifa ikisema kwamba mkuu wa shule "got the roof repaired", maana yake ni kwamba alitafuta fundi akalitengeneza paa. Ingesema "repaired the roof", msomaji angedhani mkuu alipanda juu na nyundo yake. Tofauti hiyo ni ya fedha: katika habari ya kwanza yuko fundi wa kulipwa, na mkaguzi wa hesabu atataka kuiona stakabadhi yake.

Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, na maana yake ya asili kweli ilikaribia "pata". Lakini kadiri karne zilivyopita kilijitwalia kazi nyingine nyingi. Kikifuatwa na neno la sifa huonyesha kubadilika kwa hali: "get old", "get tired", "get angry". Kiswahili hakihitaji maneno mawili hapo, kwa kuwa zeeka, choka na kasirika yanajitosheleza. Kikifuatwa na mahali huwa na maana ya kufika, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Husemwa "get to school", lakini "get home", bila "to". Kadhalika "get married" haimwambii msomaji kama mtu ameoa au ameolewa.

Kosa huja pia kutoka upande wa pili. Kwa kuwa Mswahili hupata ajali na hupata mtoto, mwanafunzi huandika "I got an accident" na "she got a baby". Kiingereza katika mambo hayo hutumia "have": "I had an accident", "she had a baby". Mwalimu akipiga mstari mwekundu bila kueleza chanzo cha kosa, mwanafunzi atalirudia kosa lile lile muhula ujao.

Wako walimu walioamua kuikwepa taabu yote hii kwa kuwakataza wanafunzi wasiandike "get" kabisa, kwa hoja kwamba ni neno la mitaani. Ni kweli kwamba katika barua ya serikali "receive", "obtain" au "arrive" yana heshima zaidi. Lakini neno lililokatazwa kuandikwa haliachi kusomwa wala kusikika, na mwanafunzi asiyelijua hawezi kufuata hata taarifa ya habari ya Kiingereza redioni.

Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Mtoto wa darasa la tano anajua kwamba mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mbizi, hupiga magoti na hupiga kura, na katika yote hayo hakuna anayechapwa. Mgeni aliyeambiwa kwamba "piga" ni "beat" na basi, atashangaa siku ya uchaguzi. Hata hiyo "pata" haina maana moja, kwani kisu kinachopata ni kisu kikali. Mwalimu aanzie hapo, darasa lenyewe litaje mifano ya "piga", ndipo "get" iletwe ikiwa katika sentensi nzima pamoja na wenzake: "get up", "get on", "get over". Kila sentensi ielezwe kwa Kiswahili kinachoifaa: kuamka, kupanda gari, kupona.

Limebaki suala la "gotten", ambalo huzua ubishi katika vyumba vya walimu. Wamarekani hulitumia pale mtu anapokuwa amepata kitu au amebadilika hali, nao husema "have got" kwa maana ya kuwa nacho. Waingereza wa leo hutumia "got" katika yote mawili, ingawa wenyewe husema "forgotten" kila siku. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha Marekani akaandika "gotten" hakukosea sarufi. Atakiwe tu asichanganye taratibu hizo mbili katika insha moja, na aambiwe ni upi unaofuatwa na watahini wake.