WANAKULA NA MKUU WA CHUO, WEWE UNAAMBIWA HUNA UZOEFU!

Wewe unayesoma gazeti hili la kuazimana hapo kijiweni Sanawari, siku moja nenda Sekei saa saba mchana, uangalie magari yaliyopaki nje ya hoteli. Mashangingi matupu! Ukiuliza kulikoni, utaambiwa ni chakula cha mchana cha wafanyabiashara na mgeni rasmi ni Mkuu wa Chuo. Chuo gani? Arusha vyuo havikosekani. Kuna Ufundi, kuna Uhasibu kule Njiro, chagua mwenyewe.

Mimi mwandishi wa kujitegemea, niliyeishia kidato cha nne, nimeshakaa kwenye hafla za namna hiyo, meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni (usidhani ukikaa karibu na jiko ndiyo unawahi kuku). Hotuba ni ile ile. Mkuu wa Chuo anaomba ushirikiano na sekta binafsi. Vigogo wanapiga makofi. Kisha tajiri mmoja anasimama na kulalamika kwamba vijana wanaomaliza vyuo siku hizi hawajui kazi. Makofi tena. Wanapeana kadi, kwaheri.

Hapo ndipo ninapokasirika. Hivi unajua kwamba mwajiri anatakiwa kisheria kuchangia ujuzi wako? Ipo Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ambayo wahasibu wanaiita SDL, na msingi wake ni Sheria ya VETA ya mwaka 1994. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Analipa mwajiri mwenyewe, kwa kupigia hesabu jumla ya mishahara anayolipa. Hadi mwaka 2013 ilikuwa asilimia 6. Waajiri wakalia kwamba ni mzigo, ikashushwa hadi 5. Wakalia tena, mwaka 2016 ikawa 4.5. Kilio hakikukoma, na mwaka 2023 ikafika 3.5. Isitoshe, mwaka 2021 mwenye wafanyakazi chini ya kumi alisamehewa kabisa, wakati zamani hata mwenye wanne alilipa.

Sasa mtu anayeomba kila mwaka apunguziwe mchango wa kukufundisha, anapata wapi ubavu wa kusimama mbele ya Mkuu wa Chuo na kusema hujui kazi?

Tusimwonee tajiri, ana hoja moja nzito. Kwa miaka mingi VETA iliambulia theluthi moja tu ya fedha hizo. Theluthi mbili zilikwenda serikalini kwa ajili ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Maana yake mwenye gereji alichangia apate fundi, fedha zikamsomesha mtu wa digrii. Hilo ni la kulipigia kelele, na hotelini ndiyo mahali pake. Lakini dawa ilikuwa kudai fedha zifike kwa mafundi, siyo kudai zipungue. Kupunguza kunamnufaisha nani? Wewe wa Unga Ltd unayelala chini ya gari la mtu tangu asubuhi, au yeye?

Na huyo Mkuu wa Chuo naye! Amekaa na watu thelathini wenye karakana, hoteli na kampuni za utalii, na anaondoka bila kuuliza kila mmoja atapokea wanafunzi wangapi wa mafunzo kwa vitendo mwaka huu. Angepitisha karatasi tu pale mezani waandike majina na idadi, kabla ya matunda kuletwa. Nani angekataa mbele ya wenzake?

Wakati unasubiri karatasi hiyo, nenda VETA ukaulize habari za urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunzia gereji au saiti anapimwa kwa kazi ya mikono yake na akifaulu anapewa cheti. Uliza ada kabla hujajaza fomu, na usimpe mtu wa getini hata shilingi.