Ni Toleo Lipi Lililosema? Wakala wa Akili Unde katika Nchi ya Chai

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba anayenukuu kamusi hana budi kutaja toleo lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 si ile ya 2004, wala ya 2004 si ile ya 2013. Jina ni moja, yaliyomo yamebadilika. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo huachwa mlangoni pindi mjadala unapogeukia akili unde, ambayo pia huitwa akili mnemba. Husemwa tu kuwa programu imesema, pasi na kuulizwa ni toleo lipi lililosema. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la msingi, na kwamba halipaswi kuachiwa wataalamu wa tarakilishi peke yao.

Wakala wa akili unde ni programu inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida, ikatafuta habari na hata kutenda jambo kwa niaba ya mwombaji. Ndani yake mna mambo manne: modeli ya lugha, maelekezo yanayoiongoza, hazina ya maarifa inamochota majibu, na zana inazotumia. Badiliko katika lolote kati ya hayo laweza kubadili mwenendo wa wakala mzima. Tuchukue mfano wa mkulima wa Bomet anayepeleka majani mabichi katika kiwanda cha Kapkoros. Anauliza kwa simu kuhusu mbolea, au kuhusu bonasi ya mwaka. Jibu la Jumatatu likipingana na la Ijumaa, ilhali shamba ni lile lile, nani atajua kilichobadilika ikiwa hakuna aliyeandika? Mkulima keshanunua mbolea. Hasara ni yake, si ya programu.

Dawa ya tatizo hili haiko mbali. Kericho ndiko yaliko makao ya taasisi ya utafiti wa chai yenye umri wa zaidi ya miaka 70. Mche utokanao na mbegu hutofautiana na mama yake. Ndiyo sababu watafiti huzalisha aina bora kwa vipandikizi, ili kila mche ufanane na mti mama. Kila aina hupewa nambari na kujaribiwa kwa miaka mingi, Kericho na kwingineko kama vile Kangaita katika Kirinyaga, kwani inayostawi huku huenda ikadorora kule. Ndipo hutolewa kwa wakulima, kama ilivyotolewa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Isitoshe, aina mpya inapotolewa, ya zamani haing'olewi, inaweza kurejewa.

Wasanidi wa mawakala wa akili unde wana haja ya nidhamu iyo hiyo. Kwanza, kila toleo lipewe nambari inayofunga pamoja modeli, maelekezo, hazina na zana. Pili, toleo jipya lipimwe kwa maswali yale yale yaliyolipima la awali, kisha lifikishwe kwa wachache kabla ya wote. Tatu, toleo la awali lihifadhiwe ili lirejeshwe mara kasoro inapoonekana. Nne, kila jibu libebe nambari ya toleo na tarehe ya maarifa yake.

Hapa ndipo wanakiswahili wanapoingia. Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health lilitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama ya kampuni ya Meta. Msingi huo ulifinyangwa ng'ambo, na msingi unapobadilika, Kiswahili kilichojengwa juu yake nacho hakina budi kupimwa upya. Nani atakipima? Toleo linaloelewa Kiswahili sanifu laweza kukwama mbele ya Kiswahili cha Litein, ambako "majani" ni chai na "bonasi" ni karo ya watoto. Kukusanya maswali ya wakulima kama wanavyoyauliza, na kuhukumu majibu yake, ni kazi ya mwanaisimu.

Watakuwapo watakaodai kwamba nambari hizi ni mzigo kwa mkulima anayetaka jibu tu. Dai hilo linamdunisha. Mkulima wa Kericho huzitaja aina za miche yake kwa nambari, na hamkubali muuza miche asiyeweza kusema mche umetoka wapi. Ana haki ya kudai vivyo hivyo kwa anayemuuzia maneno.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zianze sasa kuandaa maswali ya kupimia mawakala hawa, na kudai daftari la matoleo kabla ya wakala yeyote kupelekwa shambani.