Macho Hayana Pazia, Mkono Una Mpaka



Hapa Kolwezi neno kobalti hutukumbusha shimo, mfuko na bei. Ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba metali hiyo imewasaidia wanasayansi kuupima ulimwengu.

Mwaka 1927 padre Mbelgiji, Georges Lemaître, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka: kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyozidi kwenda kasi katika kutuacha. Mwaka 1929 vipimo vya Edwin Hubble viliunga mkono maelezo hayo. Kisha mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia yakatangaza kwamba mtanuko huo unaongeza mwendo. Ushahidi wao ulitoka katika nyota zilizolipuka. Ndani ya mlipuko wa namna hiyo nikeli yenye mionzi hugeuka kobalti, na kobalti hugeuka chuma. Nishati ya mageuko hayo huifanya nyota ing'are kwa wiki na miezi. Kwa kuupima mng'ao huo, wataalamu walikadiria umbali. Kobalti ya ardhi yetu si ya aina ile yenye mionzi, lakini nayo ilizaliwa katika nyota zilizokufa kabla dunia haijakuwapo.

Tokeo lake ni zito. Galaksi iliyo mbali kupita takribani miaka bilioni 17 ya mwendo wa nuru, hata tukiitumia mwali leo, mwali huo hautaifikia kamwe. Sehemu kubwa ya ulimwengu unaoweza kuonekana iko ng'ambo ya mpaka huo. Macho hayana pazia, walisema wahenga. Lakini mkono una mpaka.

Siku hizi husemwa kwamba madini ya dunia yakiisha, mwanadamu atachimba mwezini na kwingineko angani. Ni kweli, mwezi uko ndani ya mpaka, nami sipingi utafiti. Ninachokipinga ni faraja iliyojificha humo: kwamba mahali palipoharibiwa patapatiwa badala.

Tutazame mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, na wakazi wakachimba hata ndani ya nyua zao. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa, na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Kwa familia hizo, ukubwa wa mbingu haukuongeza hata kiwanja kimoja.

Basi kabla shimo jingine halijafunguliwa kati ya makazi, tuulize kwa sauti, katika jumuiya zetu na mbele ya wenye mamlaka: familia hizi zitalala wapi, zitachota maji wapi, na nani atalifukia shimo madini yakiisha? Majibu ya maswali hayo tunaweza kuyadai leo, hapa hapa Kolwezi.