Kipimo Kitangulie Kazi: Funzo la Kusaga Valvu

Ipo desturi katika shule zetu za msingi ya kufundisha kazi za mikono kwa orodha ya hatua. Mwalimu huandika ubaoni hatua ya kwanza hadi ya nane, wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huulizwa wazitaje kwa mpangilio. Azitajaye zote hupewa alama zote. Twaona kwamba desturi hii haina budi kuachwa, na mahali pake ishike kanuni moja: mwanafunzi aonyeshwe kwanza namna ya kuipima kazi, ndipo afundishwe kuitenda. Ili hoja yetu isielee hewani, tumechagua kazi ifanyikayo katika gereji za mijini na vijijini, nayo ni kusaga valvu za injini ya pikipiki.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja yenye valvu mbili. Moja hupitisha mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila valvu ina ukingo wa mshazari, kwa kawaida wa nyuzi 45, unaokalia kiti chake katika kichwa cha silinda. Vikikutana sawasawa, mgandamizo haupotei, tena joto la valvu hupata njia ya kutokea kwa kupitia kiti hicho. Visipokutana, injini hupungukiwa nguvu, huwa ngumu kuwaka, na valvu ya moshi huweza kuungua ukingo.

Fundi afunguapo injini na kuziondoa springi, husafisha masizi, kisha hupaka ukingoni dawa kidogo ya kusagia, yaani grisi yenye chembe ngumu. Huishika valvu kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, akakipekecha baina ya viganja kwenda na kurudi. Kila baada ya mizunguko michache huinyanyua valvu na kuigeuza kidogo ili chembe zienee. Mkwaruzo ukilainika, huifuta na kuitazama. Anachotafuta ni pete ya kijivu isiyong'aa, yenye upana ulio sawa, isiyokatika mahali popote.

Sasa na tujiulize: mwanafunzi aliyekariri hatua hizo atajuaje kwamba amemaliza? Akiambiwa asage kwa dakika tano, atasaga dakika tano, valvu iwe imekaa au haijakaa. Akizidisha, atakula chuma bure na valvu itazama katika kiti chake. Bali aliyefundishwa kipimo ana mambo mawili ya kumwongoza. Kwanza, huchora mistari ya penseli kuukata ukingo wa valvu iliyosafishwa, huirudisha kitini na kuizungusha kidogo. Mstari uliofutika waonyesha kwamba hapo chuma chagusa chuma. Uliobaki mzima waonyesha pengo. Pili, akiisha kuosha dawa yote na kurudisha springi, humimina mafuta ya taa katika tundu la kupitishia hewa au la kutolea moshi, akatazama upande wa pili. Yakivuja, kazi haijakwisha. Mafuta hayo hayajui mtoto huyu ni wa nani, wala ni yupi ampendaye mwalimu.

Hapa ndipo ilipo thamani ya funzo. Mwanafunzi anakuwa mkaguzi wa kazi yake mwenyewe, hangojei vema na kosa za kalamu nyekundu. Tena akiona mafuta yavuja, hulazimika kutafuta sababu: je, kiti kina vishimo? Je, valvu imepinda? Hugundua kwamba kusaga si dawa ya kila maradhi, kwani valvu iliyopinda haina budi kubadilishwa.

Wako watakaosema kwamba shule ya msingi si gereji. Ni kweli, wala hatutaki iwe gereji. Lakini mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu. Mtoto atakayekwenda kujifunza ufundi atakuta huko mafundi hodari wa mikono ambao mara nyingi hawana nafasi ya kumweleza sababu. Asipokuwa na mazoea ya kujipima, ataifunga injini kabla haijawa tayari, na atakayelipia ni dereva anayedaiwa hesabu ya siku, au mgonjwa aliyepakiwa nyuma yake.

Kwa mwalimu mwanafunzi aandaaye somo hili, kichwa kimoja kikuukuu cha injini iliyokufa, pamoja na valvu zake, chatosha kikundi cha watoto watano au sita. Somo lianze kwa kuvuja: mafuta ya taa yamiminwe katika kichwa ambacho valvu zake hazijasagwa, watoto waone, waulizane, ndipo wapewe kijiti. Mwalimu mwenyewe afungue na kufunga springi, kwa maana huweza kuruka na kuumiza jicho. Yeye ndiye amimine mafuta, mbali na moto. Petroli isitumike kabisa. Alama zitolewe kwa pete iliyokamilika na kwa maelezo ya mtoto kuhusu sababu ya kuvuja, zisitolewe kwa orodha iliyokaririwa.

Kanuni hii haikomei kwenye injini. Mtoto afundishwaye kugawanya aonyeshwe mapema kwamba jibu hukaguliwa kwa kuzidisha. Afundishwaye kujenga ukuta ashike timazi kabla ya kushika tofali. Mwalimu afichaye kipimo mfukoni mwake huwafanya watoto wamtegemee yeye daima. Akitoacho na kukiweka mezani huwafundisha kujitegemea.