Bukari ya mtoto ianzie kwenye maji

Hapa Kisenge mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, baba yuko kazini au anatafuta kazi. Mtoto wa miaka kumi anabaki na wadogo zake, na njaa. Tunamwambia angoje mama arudi. Mimi naona tunakosea. Afundishwe kupika, na mvulana pia. Tumbo lake halina sababu ya kungoja dada.

Lakini tusimfundishe kukoroga bukari tu. Muhogo mchungu una sumu, na mwiko hauiondoi. Mtoto ajue kumenya, kuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kuanika ukauke kabisa, ndipo kutwanga bunga. Kule Kwango, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu na hauponi. Kahemba wanaujua mpaka leo. Unawapata zaidi watoto na wanawake, hasa pale njaa inapofanya watu wapunguze siku za kuloweka. Kwetu pia muhogo ndio chakula, na njaa tunaijua.

Sombe vilevile: itwangwe vizuri, ichemke muda mrefu, sufuria wazi. Mbabula ikae nje, kwa sababu hewa ya makala ndani ya nyumba inaua bila kelele. Na mara za kwanza mtu mzima awe karibu.

Kijana wangu alianza na kuosha ndakala. Bukari yake ya kwanza ilikuwa mabonge matupu. Tuliila yote.